Ukigeuza kisogo: njia ipi ya kufunga kompyuta inaacha mwanya mdogo

Nilikuwa naandaa ripoti yenye jedwali la wafanyakazi waliokuwa likizo ya ugonjwa, na jedwali lile lilikuwa na safu ya sababu. Nikatuma ukurasa mmoja kwenye printa, nikainuka kwenda kuuchukua. Karatasi ikakwama. Nikafungua kifuniko, nikaichomoa ikiwa imekunjamana, nikafunga, nikasubiri mashine ijiweke sawa. Niliporudi nilimkuta mwenzangu ameinama mezani kwangu akitafuta kalamu. Hakuwa amegusa kitu. Siku mbili baadaye nikamsikia akimuuliza mwenzetu mwingine, kwa upole na kwa nia njema kabisa, anaendeleaje baada ya upasuaji. Yule mama hakumjibu. Alinigeukia mimi, akanitazama, na mimi sikuwa na la kusema.

Tangu siku ile sijiulizi tena swali ambalo wengi hujiuliza: "Nina siri gani mimi hata nifunge kompyuta?" Siri zilizokuwa kwenye skrini yangu hazikuwa zangu. Kompyuta ya mtu mmoja hubeba barua za rafiki zake, picha za ndugu zake, taarifa za wateja wake, na sanduku la barua pepe ambalo ndilo lango la akaunti nyingine zote, kwa kuwa huko ndiko hutumwa viungo vya kubadilisha nenosiri.

Kabla ya kulinganisha, tuelewane kwa neno. Ninaposema kufunga, simaanishi kuzima. Kufunga ni kuifanya skrini idai nenosiri huku kazi zikiendelea nyuma yake: faili linaendelea kupakuliwa, muziki unaendelea kupiga, hati uliyoiacha wazi utaikuta ilivyokuwa. Njia za kufanya hivyo ni kadhaa, na kwenye mipangilio zinaonekana kama ndugu. Mimi huzipima kwa vitu viwili. Cha kwanza ni mwanya, yaani muda unaopita tangu ugeuze kisogo hadi skrini ifungwe. Cha pili ni kile kinachobaki hai ndani ya mashine baada ya skrini kufungwa.

Vidole

Kwenye Windows unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na L. Njia hii ipo tangu Windows XP ya mwaka 2001 na haijabadilika. Kwenye Mac ni Control, Command na Q kwa pamoja. Kwenye mfumo wa Linux unaotumia GNOME, yaani mojawapo ya mionekano yake ya madirisha na menyu, ni kitufe kilekile cha Windows na L. Kwenye Chromebook ni kitufe cha kutafutia na L. Mwanya wake ni sifuri, kwa sababu skrini inafungwa ukiwa bado umekaa.

Udhaifu wake ni usahaulifu, na nimegundua kwamba usahaulifu huo una sababu yake. Mtazame mtu anayeinuka mezani. Karibu kila mara huanza kwa kushika kitu: simu, kikombe, miwani, karatasi. Mkono ukishashika kitu, Windows na L inakuwa kazi, maana kwenye kompyuta mpakato nyingi kitufe cha Windows kipo upande wa kushoto peke yake na L iko kulia. Mkono mmoja haufiki bila kujinyoosha. Hapo ndipo mtu husema moyoni "narudi sasa hivi", akaondoka. Kilichonisaidia mimi ni kubadili utaratibu: vidole kwanza, kikombe baadaye. Nilijilazimisha kwa wiki kadhaa, na sasa mikono inafanya yenyewe hata ninapokuwa nyumbani peke yangu.

Mac imepangwa vizuri zaidi hapa, kwa kuwa vitufe vyote vitatu viko kushoto na mkono mmoja unatosha. Ila kuna hatari ndogo ya kuijua mapema: kidole kikikosa Control, Command na Q hufunga programu uliyo nayo mbele. Kwenye Mac mpakato zenye kitufe cha alama ya kidole, kukibonyeza mara moja kunafunga skrini, na hiyo ndiyo njia nyepesi kuliko zote nilizowahi kutumia.

Saa

Njia ya pili ni kuiachia kompyuta ihesabu. Ukikaa muda fulani bila kugusa kibodi wala kipanya, inajifunga. Asili yake ni kihifadhi skrini, ambacho mwanzo hakikuwa na habari na usalama hata kidogo. Skrini za zamani zilikuwa na tabaka la kemikali linalong'aa, na picha iliyokaa mahali pamoja kwa muda mrefu ilichoma alama ya kudumu. Mwaka 1983 John Socha alichapisha kwenye jarida la Softalk programu ndogo iliyozima skrini baada ya dakika chache ili kuiokoa. Kudai nenosiri skrini inapoamka kuliongezwa baadaye. Naitaja historia hii kwa sababu hadi leo mambo hayo mawili, skrini kuzimika na skrini kufungwa, ni mipangilio miwili tofauti, na watu huyachanganya kila siku.

Tuseme umepanga skrini ya Mac izimike baada ya dakika 2, na kwingine umepanga nenosiri lidaiwe dakika 5 baada ya skrini kuzimika. Unaondoka, skrini inakuwa nyeusi, unaiona kwa mbali unaridhika. Mtu akigusa kibodi dakika ya tatu, dakika ya nne, dakika ya sita, anaingia bila kuulizwa kitu. Mwanya wako ni dakika 7, wala si 2. Kwenye Windows mtego huohuo upo kwenye dirisha la kihifadhi skrini: kuna kisanduku cha kuweka tiki ili kikiondoka urudishwe kwenye ukurasa wa kuingilia. Bila tiki, unachokiona ni pambo tu. Njia ya kujua ni moja. Iache kompyuta mpaka iwe nyeusi, kisha gusa kitufe uone inakuuliza nini.

Basi dakika ngapi? Kiwango cha usalama wa kadi za malipo, PCI DSS, kinataka mtumiaji ajitambulishe upya akikaa kimya kwa zaidi ya dakika 15, na mapendekezo ya Microsoft kwa ofisi nayo yanaweka kikomo cha sekunde 900, ambazo ni dakika 15 zilezile. Naziheshimu taratibu hizo, lakini kwa meza iliyo mahali pa watu wengi naziona ni ndefu. Karatasi yangu haikukwama kwa dakika 15. Ilikwama kwa kama nne, na nne zilitosha. Kwa upande mwingine, ukiweka dakika 1 utajichosha. Unasoma ukurasa mrefu, skrini inafungwa usoni pako, unafungua, inafungwa tena, na kufikia jioni umeshazima mpangilio mzima. Mimi nimekaa kwenye dakika 3 hadi 5 na sijapata sababu ya kuhama.

Jambo moja wengi hawalijui: video inayocheza au kikao cha mtandaoni kinachoendelea mara nyingi huizuia saa isihesabu. Programu hizo huiambia kompyuta isizime skrini, nayo hutii. Ukiinuka katikati ya kikao kwenda kufungua mlango, usitegemee saa. Huenda isifunge kamwe.

Saa, basi, ni wavu wa kumdaka aliyesahau. Kuifanya njia yako kuu ni kukubali kwamba kila ukiinuka kuna dakika kadhaa za wazi, na ukiinuka mara kumi kwa siku dakika hizo zinajumlika.

Simu mfukoni

Tangu toleo la Windows 10 lililotoka mwaka 2017 kuna kitu Microsoft wanakiita Dynamic Lock. Unaunganisha simu na kompyuta kwa Bluetooth. Ukiondoka na simu yako hadi mawimbi yapungue, kompyuta inajifunga baada ya kama dakika moja. Kwa mtu msahaulifu inaonekana ni jibu la dua.

Ukiipima kwa mwanya, inashuka thamani. Kwanza, saa yake haianzi ukiinuka bali ukitoka nje ya masafa, na Bluetooth hufika mita nyingi, hata kupita ukuta mwembamba. Ukienda meza ya tatu kuzungumza na mtu, simu yako bado ipo "karibu". Pili, watu huacha simu mezani, hasa ikiwa kwenye chaji. Simu ikikaa mezani, kompyuta inaamini wewe upo. Kwenye tukio langu la printa isingenisaidia lolote: printa ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye meza yangu.

Saa ya mkononi ya Apple watu huidhania inafanya kazi hii, lakini kinyume chake ndicho kweli: tangu macOS Sierra ya mwaka 2016 inaweza kukufungulia Mac unapokaribia. Unapoondoka, haikufungii. Kompyuta mpya kadhaa za Windows 11 zina kihisi kinachotambua kama kuna mtu mbele ya skrini na kufunga akiondoka. Hiyo inaahidi mwanya mfupi zaidi kuliko simu, na kama mashine yako inayo, iwashe; hakuna unachopoteza. Ila kwa sasa ni mashine chache.

Kifuniko, usingizi na kuzima

Kufunika kompyuta mpakato ni tendo la asili kuliko yote, na mwanya wake unaweza kuwa sifuri. Masharti ni mawili: mipangilio iwe inadai nenosiri mara mashine inapoamka, na usiwe umeunganisha skrini ya pembeni, kwa sababu hapo kompyuta inaweza kuendelea kufanya kazi kwenye skrini ile kama kawaida huku wewe ukidhani umefunga. Gharama yake ni kazi kusimama: upakuaji unakatika, kikao kinakatika. Kwa safari ya chooni ni gharama kubwa mno. Kwa mapumziko ya saa nzima ni sawa kabisa.

Hapa ndipo kipimo changu cha pili kinapoingia. Kompyuta iliyofungwa skrini, na hata iliyolala, bado iko hai ndani. Kumbukumbu yake ya muda ina hati zako, na kama diski yako imesimbwa, yaani yaliyomo yamegeuzwa yasisomeke bila ufunguo, ufunguo wa kuisimbua umo humohumo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kwamba kumbukumbu hiyo haifutiki papo hapo umeme ukikatwa. Data hubaki kwa sekunde kadhaa, na ukiipuliza ubaridi kwa kopo la hewa ya kupulizia vumbi lililogeuzwa juu chini, hubaki kwa dakika nyingi, muda wa kutosha kuusoma ufunguo. Mwaka 2016 Samy Kamkar alionyesha kifaa alichokiita PoisonTap, kilichojengwa juu ya kompyuta ndogo ya dola 5. Kikichomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta iliyofungwa, kilijifanya mtandao na kuchukua vidakuzi (vijifaili vinavyoiambia tovuti kwamba umeshaingia) vya kivinjari kilichoachwa wazi, kwa tovuti zisizolindwa vizuri.

Sikuelezi haya ili uogope meza yako. Mwenzako anayetafuta kalamu hana kopo la hewa baridi. Nakueleza ili ujue mpaka wa kufuli la skrini: linamzuia mtu anayepita, na linamzuia vizuri. Hata zile flashi zinazojifanya kibodi na kuandika amri kwa kasi, zikichomekwa kwenye skrini iliyofungwa huishia kuandika upuuzi kwenye kisanduku cha nenosiri. Lakini mtu aliyeichukua mashine yenyewe na ana siku nzima ya kuifanyia kazi, huyo anazuiwa na diski iliyosimbwa kwa BitLocker ya Windows, FileVault ya Mac au LUKS ya Linux pamoja na mashine iliyozimwa kabisa. Kuizima husahaulisha ufunguo. Kuilaza hakusahaulishi. Kwa hiyo mashine inayobaki kwenye chumba cha hoteli au kwenye buti la gari, izime. Na kufuli la kebo linaloingia kwenye kitundu cha ubavuni, kwa mashine zenye nacho, linazuia isibebwe kwa haraka. Basi, halifanyi zaidi ya hapo.

Kuna tukio moja linaloonyesha thamani ya skrini iliyo wazi kuliko maelezo yoyote. Tarehe 1 Oktoba 2013, FBI walimkamata Ross Ulbricht, mwendeshaji wa soko haramu la Silk Road, ndani ya maktaba ya Glen Park huko San Francisco. Walijua kwamba akifunika kompyuta yake, ushahidi unaweza kupotea nyuma ya usimbaji. Basi maofisa wawili wakajifanya wapenzi wanaogombana nyuma yake. Aligeuka kutazama, na kufumba na kufumbua ofisa mwingine alikuwa ameshaichukua mashine ikiwa wazi, akaunti zake zimefunguliwa. Yeye alistahili kukamatwa, hilo sibishani nalo. Ninachokiona mimi ni kwamba wapelelezi wa dola kubwa, wenye kila chombo, waliona njia rahisi kuliko zote ni kusubiri mtu ageuze kisogo.

Kufungua nako ni sehemu ya kufunga

Nimewaona watu walioacha kufunga kompyuta si kwa uvivu wa kufunga bali kwa uchovu wa kufungua. Nenosiri la herufi 20 likiandikwa mara kumi na tano kwa siku, huku mara tatu kati ya hizo likikosewa, linamshinda hata mtu makini. Kwa hiyo kabla hujachagua namna ya kufunga, rahisisha kufungua. Alama ya kidole ni nyepesi kuliko zote na haionekani na aliye nyuma yako. Uso ni mwepesi vilevile. Pini ya Windows, ambayo wengi huidharau kwa ufupi wake, ina faida ambayo nenosiri la akaunti halina: inafanya kazi kwenye mashine ile moja tu. Mtu akikuchungulia ukiiandika, hawezi kuitumia kuingia kwenye barua pepe yako akiwa kwingine. Iwe na tarakimu 6 au zaidi, isiwe mwaka wako wa kuzaliwa.

Na usiache kusasisha mfumo. Januari 2021 mtumiaji mmoja wa Linux Mint aliripoti kwamba watoto wake, kwa kubonyezabonyeza vitufe ovyo, walikuwa wamepita skrini iliyofungwa. Ilikuwa kweli: herufi fulani kwenye kibodi ya skrini ilikuwa inaiangusha programu ya kufunga, na ikianguka, kompyuta inabaki wazi. Waliosasisha walipona.

Nani achague nini

Ukifanya kazi kwenye chumba chenye watu, chagua vidole, na nyuma yake weka saa ya dakika 3 hadi 5. Simu iwashe kama ziada ukipenda, ila isikufanye uache vidole. Ningelazimishwa kubaki na kimoja tu, ningebaki na vidole bila kusita.

Ukiwa unajijua kwamba utasahau, na hakuna ubaya kujijua, usijilaumu. Ipandishe saa iwe ya kwanza, dakika 2 au 3, na weka alama ya kidole ili usumbufu wa kufungua upungue. Kihisi cha uwepo, kama kipo, kiwashe siku hiyohiyo.

Nyumbani kwenye kompyuta ya familia, kufunga peke yake hakutatui kitu ikiwa wote mnatumia akaunti moja na nenosiri moja. Kila mtu awe na akaunti yake. Ukifunga yako, mtoto anaingia kwenye yake bila kugusa kazi yako.

Msafiri achague kifuniko kwa mapumziko mafupi na kuzima kabisa anapoiacha mashine nyuma, diski ikiwa imesimbwa. Ukifanyia kazi mahali pa wazi ambapo mtu anaweza kuipokonya na kukimbia, kuna kebo za USB zinazofungwa kiunoni, kama BusKill, ambazo zikichomoka ghafla kompyuta inajifunga yenyewe. Ni za watu wachache wenye hatari maalumu, waandishi wa habari kwa mfano.

Mwenye kazi inayokesha ikichakata, kama video au hesabu ndefu, asilaze wala kuzima. Afunge skrini kwa vidole na aache mashine ifanye kazi nyuma ya kufuli. Ndiyo sababu kufuli hilo lipo.

Chochote utakachochagua, funga sasa hivi kisha mwombe mtu akutumie ujumbe, utazame skrini iliyofungwa inaonyesha nini. Kwenye mashine nyingi jina la aliyetuma na mistari ya mwanzo ya ujumbe huonekana kwa yeyote anayepita. Mpangilio wa kuificha upo kwenye sehemu ya arifa. Mimi niliugundua wiki moja baada ya lile tukio la jedwali, nilipokuwa tayari nimeanza kufunga kila ninapoinuka, na nikamkuta yule mama amesimama karibu na meza yangu iliyofungwa vizuri, jina lake likiwa limejitokeza katikati ya skrini.